Chanzo: Uchakavu

Mshahara wangu wa kwanza nimeusahau, na vyeo nilivyopanda baadaye havina hadithi. Ninachokumbuka ni bisibisi. Ilikuwa ndefu kama mkono wa mtoto, mpini wake wa mbao uking'aa kwa jasho la miaka, na Mzee Kobelo aliichomoa kwenye mfuko wa nyuma wa ovaroli siku ile ile nilipoingia karakana. Aliweka ncha yake juu ya beringi, mpini akauegemeza sikioni, akafumba macho. Nilidhani mzee anasali.

"Njoo usikilize," akaniambia.

Niliweka sikio. Ndani ya chuma kulikuwa na sauti kama mvua inayonyesha juu milimani kabla haijateremka mjini.

"Hiyo nzima," akasema. Akanipeleka mashine ya jirani. Humo mlikuwa na mtu anatafuna changarawe. "Hiyo haitafika Ijumaa."

Ilikufa Alhamisi. Tangu hapo nilimwamini Mzee Kobelo katika mambo yote, hata yale ambayo baadaye yalitugharimu. Alikuwa mkuu wa mafundi, Mluguru mfupi mwenye mabega mapana, na hakupenda kurudia maneno.

Kiwanda chetu kilisokota kamba za katani. Kilikuwa pembezoni mwa mji, upande wa Bigwa, kikiwa kimeupa mlima mgongo. Katani iliingia kwa mlango mmoja ikiwa singa ndefu za rangi ya maziwa, ikachanwa, ikanyooshwa, ikasokotwa, ikatokea mlango wa pili ikiwa kamba. Kati ya milango hiyo palikuwa na ukumbi wenye safu nne za mashine, na kelele ambayo sijui niilinganishe na nini. Ukumbini hatukuzungumza. Tuligusana mabega, tukaonyeshana vidole, tukasomana midomo. Mgeni angedhani tumenuniana sote. Vumbi la katani lilitua kwenye nywele na nyusi, na vijana wa jana tukarudi nyumbani jioni tukiwa wazee wenye mvi. Mke wangu aliwahi kunipa shikamoo kwa utani, nami nikaitikia.

Wakati huo kiwanda kilikuwa mali ya umma na spea zilikuwa ndoto. Tulichonga bushi kutoka kwenye vyuma vya trela bovu, tukashona mikanda ya mashine kwa ngozi. Na kila tengenezo liliandikwa kwenye kadi: mashine ipi, tatizo nini, chanzo nini, kimefanyika nini. Kadi yangu ya kwanza niliijaza kwa uaminifu wa mtu aliyetoka shule juzi. Kwenye chanzo niliandika kwamba opereta alisahau kutia mafuta. Mzee Kobelo aliisoma, akaichana, akanipa mpya.

"Andika uchakavu."

"Lakini mzee, mafuta hayakutiwa. Umeona mwenyewe."

"Nimeona. Yule baba ana watoto, Shabani. Mashine haina watoto. Isingizie mashine."

Zilikuwa zama ambazo mtu akiharibu mali ya umma angeweza kuitwa mhujumu, na jina hilo likikuganda hakuna sabuni ya kulitoa. Basi karakana ikawa na desturi yake. Tulisitiriana. Tuliandika uchakavu kama watu wanavyojibu "salama" wakiulizwa habari za nyumbani, hata kama nyumbani kunawaka moto. Kadi ziliingia kabatini, zikalala huko na mende, na hakuna aliyewahi kuzisoma.

Kisha ikaja ruksa, biashara zikafunguliwa. Madukani mjini zikajaa beringi ndani ya vikasha vinavyong'aa. Nyingine zilikuwa beringi kweli. Nyingine zilikuwa kikasha tu. Baadaye kiwanda kikauzwa, na mwekezaji akaja na rangi mpya ya geti, mlinzi mwenye filimbi, na kompyuta.

Kompyuta iliwekwa katika chumba tulichokuwa tukihifadhia grisi. Karani mmoja aliifumia kitambaa cheupe, akaifunika kama redio ya sebuleni. Nilichaguliwa mimi niitumie kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri. Mpaka nimestaafu sijapata mtu wa kunieleza mwandiko ulihusu nini.

Binti aliyetoka Dar kunifundisha alikuwa na subira. Programu ile ilikuwa ya matengenezo tu. Kila mashine ilikuwa na namba yake. Fundi akimaliza kazi analeta karatasi yake yenye grisi, nawe unaingiza: tatizo, chanzo, kifaa kilichobadilishwa na mahali kilipokaa, jina la fundi. Chini kulikuwa na nafasi kubwa ya maelezo, uandike utakavyo. Nafasi nyingine zote, hata ya maelezo, ungeweza kuziruka. Ya chanzo hukuweza. Ukiiacha wazi kompyuta inakaa inakutazama kama mama mkwe. Ilikuwa na majibu yake tayari, unachagua: uchakavu, uendeshaji, ulainishaji, spea mbovu, umeme.

Mafundi waliendelea kuniletea uchakavu. Nami nikachagua uchakavu. Kwenye maelezo niliandika "imetengenezwa, sawa." Ninyi mafundi vijana mnaoandika kwenye simu leo, mkiwa bado mmechuchumaa pembeni ya mashine, msicheke sana. Nimeona na maelezo yenu.

Tofauti ya kabati na kompyuta niliijua asubuhi moja, Mhandisi Swai alipoingia chumbani kwangu. Alikuwa ameletwa na mwekezaji, mtu mpole wa shati jeupe, asiyepandisha sauti hata akikasirika, jambo lililotutia hofu zaidi. Aliniomba nitoe ripoti ya vyanzo vyote, safu kwa safu, tangu kompyuta ianze. Printa ililia, karatasi ikateremka ikijikunja mpaka sakafuni. Aliisoma amesimama.

"Safu ya Pili na Safu ya Nne zimechakaa," akasema. "Kila mara chanzo ni hicho hicho. Mashine ikifikia hapa haitengenezwi tena."

"Inafanywaje, mhandisi?"

"Inakatwa. Inauzwa chuma chakavu." Akakunja karatasi vizuri, kona kwa kona. "Ijumaa orodha itakuwa ubaoni. Opereta wanaondoka na mashine zao."

Alipotoka nilibaki nimeshika kile kitambaa cheupe. Safu ya Nne sikuijua vizuri. Safu ya Pili niliijua kama ninavyoijua nyumba yangu, na nilijua haijachakaa.

Ripoti ilihesabu safu nzima, lakini katika Safu ya Pili mashine iliyokufa kila mara ilikuwa moja, ya Mama Anzelma. Alitoka Matombo, kule ng'ambo ya mlima, mwanamke mrefu mwenye medali ya Bikira Maria shingoni, mjane, akimsomesha Anzelma wake sekondari kwa masista. Alikuwa ukumbini kabla yangu. Na alikuwa hasikii. Kelele ile ilikula masikio yake kidogo kidogo, miaka na miaka, na kwa kuwa mle ndani hakuna anayesikia mwenzake, hakuna wa ofisini aliyegundua. Sisi tulijua. Nje ya ukumbi ungemuuliza, "Mama, umeshakula?" naye akaitikia, "Marahaba, mwanangu," kwa heshima zote. Tulimgusa bega kabla ya kusema naye, tukamwonyesha midomo, tukanyamaza.

Lakini mashine hainyamazi. Beringi ikianza kulia, opereta anayesikia anaizima na kutuita. Mama Anzelma aliendelea kusokota mpaka mhimili unashika moto na moshi unatoka. Tulikwenda, tukabadilisha, tukaandika. Mnajua tuliandika nini.

Nilimkuta Mzee Kobelo anakunywa chai kwenye benchi la karakana. Nilimweleza. Aliweka kikombe chini taratibu, kana kwamba kingelia.

"Ukiandika ukweli?"

"Ataondoka Mama Anzelma. Asiyesikia hawezi kuachiwa mashine."

"Usipoandika?"

"Safu yote inaondoka, na yeye akiwemo."

"Basi hesabu ni rahisi," akasema.

"Ni rahisi, mzee."

"Nenda kaiandike."

Sikwenda. Naye hakunisukuma. Tulikaa pale tukitazama wingu likishuka mlimani, likameza mashamba ya mboga, likameza nyumba za juu, mpaka king'ora cha kuingia kazini kikalia.

Sijui nani alimwambia Mama Anzelma. Kesho yake nilisikia mtu anafuta miguu mlangoni kwa muda mrefu, kama anaingia kanisani.

"Shikamoo mama."

Alinitazama midomo. "Marahaba. Nifungulie mashine yangu."

Nilifungua. Alikuwa amesoma misheni, akaweka kidole kwenye kioo na kukiteremsha mstari kwa mstari. Uchakavu. Uchakavu. Uchakavu. Kidole kikasimama.

"Nani kachakaa?"

"Mashine, mama."

"Mashine yangu?" Alisema kwa sauti kubwa ya mtu asiyeisikia sauti yake, na nje ya dirisha watu wakasimama. "Ile naifuta vumbi kabla sijajifuta mimi. Nani kawaambia imechakaa?"

Nilimjibu kwa midomo tu, bila sauti, ili wa nje wasisikie. "Tulikuwa tunakusitiri."

Alielewa. Niliona jinsi alivyoelewa, maana alivuta kitambaa chake cha kichwa mbele kidogo, kama upepo umempiga.

"Mkanisitiri kwa kumtukana mwenzangu," akasema. Kisha, polepole: "Andika mimi sisikii."

"Mama, nikiandika hivyo..."

"Najua. Lililoharibika ni sikio, kichwa ni kizima. Lakini ukiandika, andika yote. Andika na kwamba beringi ya huku kwangu haijafa hata mara moja."

"Huku wapi?"

Aliinua kiganja chake, kikavu, chenye mistari myeusi ya grisi. "Huku ninaposimama. Huku naishika. Ikianza kuumwa najua kabla yenu na bisibisi zenu, nawaita mnakuja kutia grisi. Kule ukutani sifiki."

Nilirudi kwenye kompyuta. Mahali kifaa kilipokaa: niliyaingiza maneno hayo kwa mikono yangu miezi yote ile, bila kuyasoma. Beringi ya ukutani. Ya ukutani. Ya ukutani tena. Ya upande wake hapakuwa na hata moja.

Mchana huo, ukumbi uliposimama kwa chakula, mimi na Mzee Kobelo tuliifungua mashine. Mhimili ulikuwa umenyooka. Meno ya gia yalikuwa na ncha. Beringi ya upande wa Mama Anzelma ilikuwa ile ya zamani kabisa.

"Hii niliiweka mimi," Mzee akasema, "wewe hujaoa." Akaisugua kwa kidole gumba, akairudisha mahali pake kwa adabu. Ya ukutani ilikuwa mpya, ya kikasha kinachong'aa, imewekwa juzi tu, tukaiacha. Pale ilipokaa palikuwa pembamba. Waliojenga ukumbi waliibana mashine na ukuta mpaka mtu anapita kiubavu.

Mzee alikaa juu ya kreti. Akachomoa bisibisi yake, akaitazama kana kwamba ni mara ya kwanza kuiona. Kisha akaniambia nilete nondo ndefu kuliko zote zilizopo stoo.

Vijana wengi mmeniuliza ile nondo ni ya nini. Ni bisibisi. Ni bisibisi ya Mzee Kobelo iliyorefushwa. Ncha moja inakaa juu ya beringi ya ukutani, na nondo inapita ubavuni mwa mashine hadi pale opereta anaposimama. Haigusi mwili wa mashine popote. Imening'inizwa kwenye vipande vya mpira wa tairi, ili isibebe mtikisiko wa kitu kingine. Mzee aliusugua mwisho wake kwa tupa mpaka ukawa laini kama mpini wa jembe la bibi. Tuliwasha. Mama Anzelma akaweka kiganja, akatazama juu kwenye paa.

"Unasikia?" Mzee akamuuliza kwa midomo.

"Nasikia."

Nilirudi chumbani nikafungua kazi mpya. Zile za zamani zilikuwa zimeshafungwa na programu haikuruhusu kuzigusa. Hii mpya nayo, nikishaihifadhi, isingefutika. Chanzo: uendeshaji. Kwenye maelezo niliandika kama ifuatavyo, na nayakumbuka kwa sababu ndiyo maelezo ya kwanza ya kweli niliyowahi kuandika: opereta hasikii, beringi ya ukutani huanza kulia asijue, ya upande wake huihisi kwa kiganja na haijawahi kuharibika, mhimili na gia ni nzima, mashine si chakavu, imewekwa nondo. Nikasoma tena maneno mawili ya kwanza. Nikabonyeza.

Mhandisi Swai alikuja ukumbini asubuhi ya Alhamisi, karatasi yenye maelezo yangu mkononi. Hakupita chumbani kwangu. Alikwenda moja kwa moja Safu ya Pili, akasimama nyuma ya Mama Anzelma. Nilikuwa na Mzee Kobelo karibu na nguzo, tukaona midomo ya mhandisi ikisema jina la mama. Hakugeuka. Mhandisi akasogea, akalisema tena, safari hii mishipa ya shingo ikimsimama. Safu nzima ilikuwa inatazama. Opereta wa jirani aliinua mkono amguse bega, kwa mazoea, na mhandisi akamzuia kwa kidole. Akatoa kalamu, akaandika kitu.

Mama Anzelma alikuwa na kiganja juu ya nondo. Niliona anakunja uso. Akakiinua, akakifuta kwenye kanga, akakirudisha. Kisha akazima mashine.

Alipogeuka ndipo akamwona mhandisi. Wakatazamana. Mhandisi akatangulia kumwamkia, na yeye akaitikia, halafu akaelekeza mkono.

"Kule ukutani pana kitu."

"Juzi tu imebadilishwa," mhandisi akasema, akitazama karatasi.

Mama Anzelma hakuyaona maneno hayo, kwa kuwa alikuwa ameinama. "Pana kitu," akarudia.

Mhandisi alionyesha ishara iwashwe tena. Akajiingiza pale pembamba, kiubavu, shati jeupe likifuta grisi ya miaka yote ukutani. Kisha akanyoosha mkono nyuma bila kutazama, vidole wazi, akisubiri. Mzee Kobelo alielewa kabla yangu. Akampa bisibisi. Mhandisi akaweka ncha juu ya beringi, mpini sikioni, akafumba macho.

Kumbe naye alifundishwa na mtu.

Alipotoka, nilisoma mdomoni mwake: "Fungueni." Tulifungua. Ndani, njia ya gololi ilikuwa imeanza kumeguka, vipande vyembamba kama kucha. Mhimili haukuwa na hata alama. Ilikuwa mara ya kwanza tunaifikia beringi ya ukutani kabla ya moshi.

Mchana alikuja chumbani kwangu, shati likiwa na ramani ya grisi begani.

"Chanzo cha leo?"

"Spea mbovu, mhandisi."

"Umeandika duka?"

"Nimeandika."

Aliitikia kwa kichwa. "Na huyu mama. Kwa nini siku zote hizo hamkuandika?"

"Tulimwonea huruma."

"Mimi siioni huruma yenu, Shabani. Naona mlichoandika." Hakusema kwa ukali. Akaondoka, na hakuniambia ameamua nini.

Ijumaa watu walijazana ubaoni tangu asubuhi. Nilisoma kutoka chini kwenda juu, kama mwoga asomavyo. Safu ya Nne ilikuwepo, na majina yake yote. Safu ya Pili haikuwepo. Jina la Mama Anzelma nililitafuta mara mbili, halikuwepo. Chini kabisa mhandisi aliandika kwa kalamu kwamba nondo iwekwe kwenye safu zitakazobaki.

Watu wa Safu ya Nne walikunja ovaroli zao bila kelele. Mmoja alinipa mkono, akanishukuru kwa yote, nami sikujua ni kwa lipi. Huko nako tulikuwa tumeandika uchakavu. Huenda ilikuwa kweli. Huenda palikuwa na sikio, au mafuta, au waya. Hakuna aliyekuja kubisha mlango na kukataa, na nilipofungua kompyuta nikitafuta cha kumwonyesha mhandisi, nilikuta neno moja limerudiwa mpaka chini, na kila mahali pa kifaa pameachwa wazi. Ile safu ilikatwa kwa gesi wiki iliyofuata. Mpaka leo sijui ilikuwa inaumwa nini. Ndiyo maana mlipokuwa mkiniletea karatasi zenye "sawa" niliwarudisha, na mkaniita Mzee Maelezo nikiwa nimewapa kisogo. Nilisikia.

Ijumaa ile nilimfuata Mama Anzelma ukumbini. Hakuwa amekwenda ubaoni. Alisema mashine haiachwi peke yake. Nilimgusa bega. Aligeuka, akanitazama midomo kabla sijaifungua, na kwa mara ya kwanza nikaona macho yake yana hofu.

"Usiseme kwanza," akasema.

Akashika mkono wangu, akaufungua vidole, akakilaza kiganja changu juu ya nondo. Chuma kilikuwa cha uvuguvugu. Nilisubiri. Nilisikiliza kwa mkono kama alivyosikiliza yeye, mpaka bega likaniuma.

"Sisikii kitu, mama."

Aliyasoma maneno hayo, akaitikia kwa kichwa.

"Ndiyo hivyo. Ikiwa nzima haisemi na kiganja." Akaweka kiganja chake kando ya changu, akavuta pumzi. "Haya. Sasa sema."